Kabla Hujanunua Transfa: Kwa Anayetaka Pikapu Yake Ivute kwa Magurudumu Yote Manne

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amepata giaboksi pamoja na transfa yake (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) kwa bei nzuri, na sasa anatafuta fundi wa kumfungia kwenye pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Nimemjibu kwa kirefu, kisha nikaona jibu hilo lingewafaa wengi, kwa kuwa kila mtu aliyewahi kukwama kwenye tope huku gari la foo wili, yaani linalovuta kwa magurudumu yote manne, likimpita ameshaliwaza jambo hili. Pikapu yangu niliibadilisha, inafanya kazi hadi leo, na ninaijivunia bila kuona haya. Nilichomwambia ni hiki: transfa inunuliwe mwisho. Chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, ndiyo inayoamua kama kazi itawezekana, na chasisi haisomwi kwa simu wala kwa maneno ya muuzaji vipuri.

Kabla sijalegeza boliti hata moja, nililala chini ya pikapu yangu nikiwa na tochi na futi ya chuma, kisha nikaenda kulala chini ya gari la foo wili la aina ile ile na la toleo lile lile. Kwa nje yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Kwa chini hayakufanana. Kwenye gari langu, kros memba (chuma cha kukingama) iliyo chini ya injini ilipita pale pale ambapo difu ya mbele, yaani gia zinazogawa mzunguko kwa gurudumu la kushoto na la kulia, ingepaswa kukaa, na sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ilining'inia mahali ambapo ekseli ingehitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Kwenye lile jingine, sampu ilikuwa imebonyezwa kwa ustadi ili kuipisha difu. Hata giaboksi zilitofautiana, kwa sababu ya gari langu iliishia kwa mkia mrefu unaopokea propela (mhimili mrefu unaopeleka mzunguko kwenye difu) moja kwa moja, ilhali ile nyingine ilikuwa na shafti na kifuniko cha nyuma vilivyotengenezwa kupokea transfa. Ndiyo maana ninasema kwamba mtu akinunua transfa peke yake amenunua sehemu ndogo sana ya kazi.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha vipimo vyangu aliinama, akatazama kidogo, akasema ataikata ile kros memba kwa gesi na kuchomelea bomba mahali pake. Nilipokataa, alicheka mbele ya vijana wake na kusema kwamba gari halijengwi kwa daftari. Maneno yale yananiuma mpaka sasa, kwa maana kilichokuwa kwenye daftari langu ndicho kilichookoa kazi nzima. Kros memba ile ndiyo inayoshika mikono ya chini ya magurudumu ya mbele. Ukiikata ovyo, magurudumu hupoteza mlalo wake, usukani huanza kuvuta upande, na siku ya breki kali chuma kilichochomelewa kinaweza kuachia. Usikubali fundi akuvunje moyo kwa sababu unapima. Asiyetaka kupimiwa kazi yake, usimpe gari litakalobeba watu.

Njia iliyonifaa ni kutafuta gari zima la kutolea vipuri, la toleo sawa na langu, lililogongwa vibaya kwenye kibini na bodi lakini lenye sehemu nzima ya chini. Ukiwa nalo unapata giaboksi, transfa, difu, propela zote mbili, sampu, vishikio vya magurudumu ya mbele pamoja na habu zake, hata mabano madogo ambayo hakuna duka linaloyauza. Unapata pia kielelezo cha kutazama kila unapokwama. Kazi ya kufungua na kufunga sitaisimulia, kwa kuwa ni kutu, boliti na uvumilivu.

Nitakaa zaidi kwenye uwiano wa difu, yaani propela huzunguka mara ngapi ili magurudumu yazunguke mara moja, kwa sababu hapo ndipo magari mengi ya kubadilishwa hufia. Ndani ya difu, krauni (gia kubwa) yenye meno 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) yenye meno 10 hutoa uwiano wa 4.10, krauni ya meno 43 kwa pinioni ya meno 10 hutoa 4.30. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini ukiifunga 4.10 nyuma na 4.30 mbele, kila magurudumu ya nyuma yanapotaka kwenda mita 100, ya mbele yanataka kwenda kama mita 95. Transfa ya kawaida ya pikapu haina difu ya kati ya kusawazisha tofauti hiyo, hivyo kwenye ardhi kavu vyuma vinapigana hadi kimoja kishindwe. Usiamini kibandiko wala kumbukumbu ya mtu. Weka giaboksi huru, zuia magurudumu mengine kwa kabari, nyanyua gurudumu moja la nyuma na uweke stendi imara, chora alama ya chaki kwenye propela, kisha zungusha gurudumu hilo mara mbili kamili, kwa kuwa mwenzake limesimama, ukihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka nne na kidogo tu, una 4.10, ikikaribia nne na theluthi, una 4.30. Kwa difu ya kawaida isiyo na loki (kifaa kinachoyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja), hesabu hii haidanganyi. Nilifanya hivyo kwa magari yote mawili, na nilirudia kuhesabu hata baada ya kupata jibu nililolitaka.

Propela ya nyuma itakuwa fupi zaidi kwa sababu transfa imechukua nafasi, kwa hiyo, kama ile ya gari la vipuri haikai sawa, ya zamani ipelekwe ikakatwe na kusawazishwa na mtu mwenye mashine, na pembe za krosi (viungo vya kukunjika vya propela) za pande zote mbili zilingane. Zisipolingana gari litatetemeka na krosi zitakwisha mapema. Paipu za breki za mbele nazo zirefushwe kama gari limepanda juu. Mlima wowote utakaoupanda utalazimika pia kuushuka.

Ninajua wako watakaosoma haya na kuona kwamba wanachohitaji ni kutoka kwenye tope mara chache tu kwa mwaka. Kwao nasema kwa moyo mweupe kwamba difu ya nyuma yenye loki na matairi mazuri ya matope yatawafikisha mbali kuliko wanavyodhani, tena bila kugusa chasisi. Na kama chasisi yako haikubali, uza pikapu hiyo ununue iliyotoka kiwandani ikiwa na foo wili. Hakuna aibu yoyote katika hilo.

Lakini kama vipimo vimekubali na umeamua, toa taarifa kwa wakaguzi wa magari na kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuingia barabarani. Safari za kwanza zifanye kwenye udongo laini, kisha rudi chini ya gari na spana, ukaze upya kila boliti ya transfa, ya propela na ya mabano ya mbele. Ukifika kwenye lami kavu, ondoa foo wili.