Maswali ya Wasomaji: Mradi wa watu watano, kazi ya mtu mmoja

SWALI: Nafundisha uundaji wa programu, mwaka wa tatu. Wanafunzi ni 40, makundi manane. Kila muhula ni yale yale: mmoja anaandika msimbo wote, wenzake wanaandika ripoti, na siku ya kuunganisha hakuna kinachowaka. Nakosea wapi? – Mwalimu, Mtwara

JIBU: Mwalimu, tuanze na mradi wenyewe. Ukiwapa "mfumo wa maktaba" watauokota mtandaoni ukiwa mzima. Hapo ulipo umezungukwa na mikorosho, basi wape mfumo wa AMCOS, chama cha ushirika cha kuuza mazao ya wakulima: karani anapima korosho, anaandika daraja na kutoa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, mkulima analipwa baada ya makato. Majina na namba za simu yawe ya kubuni.

Wiki mbili za kwanza wasigawane kazi. Kundi zima litoe stakabadhi moja tu, toka fomu hadi hifadhidata hadi karatasi iliyochapwa. Wakianza na "wewe hifadhidata, mimi kurasa", ndipo wanapokutana wiki ya 12 na vipande visivyoshikana. Baadaye kila mmoja ashike jambo zima, makato au mnada, toka ukurasa hadi jedwali.

Kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo, tawi kuu lifungwe, mtu asiliandikie moja kwa moja. Tawi la mtu, yaani nakala anayofanyia kazi yake, lisizidi siku mbili. Mwenzake alisome, majaribio yapite, ndipo liungwe. Migongano mingi huzaliwa na matawi yaliyokaa wiki tatu. Intaneti ikisumbua, kompyuta moja ya maabara inatosha kuwa hazina ya msimbo wa wote: `git init --bare`, wengine waifikie kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao.

Wiki ya sita, badilisha kanuni. Utamu uko hapa. Makundi mengi yatakuwa yameweka bei kwenye jedwali la madaraja. Waambie sasa kuna mnada wa pili wenye bei nyingine. Wakibadilisha ile namba, malipo ya mnada wa kwanza nayo yanageuka, na mkulima aliyekwisha lipwa anaonekana anadai. Bei ni ya mnada, si ya korosho, hilo hawatalisahau. Fedha zihifadhiwe kama namba kamili, uzito kwa gramu, maana kwa desimali za kompyuta 0.1 + 0.2 huleta 0.30000000000000004, na hesabu haitalingana na daftari la karani.

Alama, nusu za kundi, nusu za mtu. Usihesabu mara ngapi mtu amehifadhi kazi kwenye Git. Watakatakata kitu kimoja vipande ishirini. Chukua sehemu iliyoungwa kwa jina lake, mpe dakika 10 aibadilishe mbele yako. Mwandishi wa ripoti atajulikana mapema sana.

SWALI: Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4. Nikiwasha simu ya kuigiza ya Android, inaganda. – Mwanafunzi, Lindi

JIBU: Achana nayo, tumia simu yako. Kwenye mipangilio gusa namba ya muundo (Build number) mara saba, washa utatuzi kwa USB, chomeka, kisha kwenye kompyuta andika `adb reverse tcp:8000 tcp:8000` (adb ni zana ya Android ya kuwasiliana na simu). Simu itaifikia seva ya kompyuta kwa `localhost:8000`. Ukichomoa waya, amri hiyo uirudie. Na simu isipoonekana kwenye `adb devices`, badilisha waya kwanza: nyingi za dukani ni za kuchaji tu, hazipitishi data.