Kabla hujaanza kutazama nyumba Uingereza, panga karatasi zako

Mtu akiniuliza habari za kununua nyumba huku, swali la kwanza huwa mtaa gani mzuri, la pili bei. Ni maswali ya haki, ila sijaona mtu wetu aliyekwama hapo. Tunakwama kwenye karatasi: pesa imetoka wapi, umewahi kumiliki nini, jina lako limeandikwa wapi na kwa herufi zipi. Nyumba zipo. Hapa Leicester ninapoishi, kila asubuhi tovuti za nyumba za Rightmove na Zoopla zina matangazo mapya, na zile nzuri zinachukuliwa na mtu ambaye karatasi zake zilikuwa tayari tangu jana.

Nianze na jambo ambalo dalali hatakwambia, maana halimhusu. Wengi wetu tumejenga nyumbani kabla ya kununua huku. Sasa, England na Ireland ya Kaskazini, anayenunua kwa mara ya kwanza halipi ushuru wa stempu kwenye pauni 300,000 za mwanzo, mradi bei ya nyumba isizidi pauni 500,000. Watu wanasikia "mara ya kwanza" wanadhani ni mara ya kwanza Uingereza. Sheria inasema mara ya kwanza duniani. Nyumba ya Bunju inahesabika, ya Kitengela inahesabika, na ile uliyorithi pamoja na ndugu zako nayo imo. Mkinunua wawili na mmoja wenu amewahi kumiliki, nafuu hiyo mnaikosa wote.

Haliishii hapo. Kama bado unaimiliki ile ya nyumbani, na sehemu yako ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, hii ya huku inahesabiwa kuwa nyumba ya ziada, na tangu 31 Oktoba 2024 nyongeza yake ya ushuru ni asilimia 5 ya bei yote. Piga hesabu ya nyumba ya pauni 240,000. Asiyewahi kumiliki popote halipi kitu. Aliyewahi kumiliki na akauza atalipa 2,300. Mwenye nyumba Bunju atalipa 14,300, na zinatakiwa ndani ya siku 14 baada ya kukabidhiwa nyumba, taslimu, si za kuongezewa kwenye mkopo. Na kwenye nyongeza hiyo mume na mke wanahesabiwa kitu kimoja, hata kama jina la mwenzako halipo kwenye hati.

Rafiki yangu nilipomweleza hili alibisha. "Lakini ile anaishi mama, mimi sijawahi hata kulala." Hawaulizi nani analala, wanauliza ya nani. Kama hati ni ya mama na pesa ulimpa mama, hiyo ni hadithi nyingine. Kama ni kiwanja kitupu, ni nyingine pia. Kama ni boma lililosimama kwenye lenta miaka sita linasubiri bati, peleka picha na hati kwa wakili akuamulie yeye. Usijaze fomu kwa kubahatisha, kwa sababu unachosaini ni tamko kwa mamlaka ya kodi. Waliopo Scotland na Wales wana kodi zao zenye viwango tofauti, wasitumie hesabu yangu.

La pili ni njia ya pesa. Wakili wa Uingereza analazimika kisheria kujua dipoziti yako imetoka wapi, na atataka taarifa za benki za miezi kadhaa nyuma, wakati mwingine zaidi. Mshahara haumsumbui. Kinachomsumbua ni upatu. Tarehe 28, pauni elfu sita zimeingia kutoka kwa mtu mmoja asiye ndugu yako, zikafuatwa na mtiririko wa pauni mia tano unazomtumia huyo huyo kila mwezi. Kwako ni mchezo umekutunza. Kwake inafanana na mkopo wa siri, au kitu kibaya zaidi.

Kwetu ilipita vizuri kwa sababu kijumbe wetu, msimamizi wa mchezo, ni mama mmoja wa Tanga asiyependa mzaha. Ana orodha ya wanachama, zamu ya kila mmoja, na kila mchango unapita benki ukiwa na neno moja lile lile kwenye maelezo. Akaandika barua ya ukurasa mmoja kueleza mchezo unavyokwenda, akasaini, akaambatanisha orodha. Wakili akasoma, akauliza maswali mawili, akafunga faili. Namjua mwingine ambaye mchezo wao ulikuwa wa noti mkononi; pesa zake alizozitolea jasho zilikaa kando mpaka akapata za kuelezeka. Kwa hiyo kama una mpango wa kununua miaka miwili ijayo, hamisha mchezo wako uende benki leo. Zawadi kutoka kwa wazazi au kaka inakubalika, ila aliyetoa ataandika barua kwamba haidai na hana sehemu kwenye nyumba, na yeye pia ataulizwa alizipata wapi. Kama ziko Dar au Mombasa, anza mapema.

Kuna jambo dogo ambalo watu wengi hawalijui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali wanaweza kujiandikisha kupiga kura Uingereza bila kuwa na pasipoti ya hapa. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Kampuni za kumbukumbu za mikopo hutumia daftari la wapiga kura kuhakikisha jina na anwani yako, kwa hiyo kujiandikisha kunakusaidia benki hata kama siasa zao hazikuhusu. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo, wao watafute njia nyingine za kujijenga kwenye kumbukumbu hizo. Hakikisha pia jina ni moja kila mahali. Sisi wenye majina matatu, mara la babu limo mara halimo, tunajitengenezea watu wawili kwenye kompyuta zao.

Kuhusu mogeji, yaani mkopo wa nyumba, nitapita haraka. Tafuta wakala anayelinganisha benki nyingi, hasa kama uko kwenye viza, maana benki hazifanani: moja inataka ukazi wa kudumu, nyingine inakubali viza ya kazi ikitaka dipoziti kubwa zaidi. Kiasi cha kukopeshwa mara nyingi huzunguka mara nne na nusu ya mapato ya mwaka. Na usipige bajeti yako kwa riba ya leo peke yake. Mwishoni mwa 2021 riba ya Benki Kuu ya England ilikuwa haijafika hata asilimia 0.5, Agosti 2023 ilifika 5.25. Waliokuwa wamefunga kiwango kwa miaka miwili walitoka humo wakakuta malipo ya mwezi yameruka kwa mamia ya pauni. Kwa wasiotaka riba kabisa, zipo taasisi zinazonunua nyumba pamoja nawe kwa utaratibu wa ijara (upangishaji) na musharaka (ubia), na tangu 2003 sheria ilirekebishwa ili mnunuzi wa namna hiyo asitozwe ushuru wa stempu mara mbili. Linganisha gharama zake kama unavyolinganisha nyingine yoyote. Neno la Kiarabu kwenye tangazo halishushi malipo.

Sasa ndiyo uende kutazama nyumba. Leicester imejaa nyumba za mstari za matofali mekundu za enzi ya Malkia Victoria, ukuta kwa ukuta na jirani, na ugonjwa wake mkubwa ni unyevu. Tulitazama moja karibu na Narborough Road. Chumba cha nyuma kilinukia rangi mbichi, na kilichopakwa ni ukuta mmoja tu. Kwenye ukuta huo huo kabati limesimamishwa, tena kabati kubwa kuliko chumba. Nikamwomba dalali ruhusa ya kulisogeza kidogo. Nyuma yake ukungu mweusi umepanda hadi usawa wa goti, na ubao wa chini ya ukuta nilipoubonyeza kwa kidole gumba ulibonyea kama mkate uliolowa. "Ni mvuke tu huo," akasema, "wakifungua madirisha unaisha." Tukatoka nje. Mfereji wa paa umepasuka, maji yameshuka ukutani mpaka matofali yameota kijani, na mwenye nyumba alikuwa amemwaga zege la uani likapanda juu ya tabaka la kuzuia unyevu. Zege linatakiwa liwe chini ya tabaka hilo kwa kama milimita 150. Pale lilikuwa juu. Hakuna dirisha litakaloponya hilo.

Ndiyo maana nasema nenda siku ya mvua ukiweza, na urudi jioni watu wakiwa wametoka kazini, usikie majirani na uone pa kuegesha gari. Washa boila, shika redieta kama inapata moto juu na chini. Fungua maji ya juu na ya chini kwa pamoja. Cheti cha nishati cha nyumba, chenye madaraja kuanzia A hadi G, unakitazama bure kwenye tovuti ya serikali. Nyumba ya daraja la F usiinunue kwa hesabu ya bili za daraja la C.

Ukiipenda, mlipe mkaguzi wako mwenyewe, mwanachama wa RICS, chama chao cha kitaaluma. Benki itatuma mtu, lakini huyo anaikagulia benki kama nyumba inafaa kuwa dhamana, na wakati mwingine hafiki hata mlangoni. Kwa nyumba ya miaka mia na ushee mimi naona ukaguzi wa ngazi ya 3, ule wa kina zaidi, ndio wa maana, ingawa ni ghali zaidi.

Fleti nazo zina mtego wao, na hapa mtu wa nyumbani ana faida, kwa sababu hati ya miaka 33, 66 au 99 tunaijua. Fleti nyingi England zinauzwa kwa lisihodi: unanunua miaka iliyobaki, na ardhi ina mwenyewe, mara nyingi kampuni. Miaka ikishuka chini ya 80, kuiongeza kunakuwa ghali na baadhi ya benki zinaanza kusitasita. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kupunguza mzigo huo, ila vipengele vyake vinaanza kutumika kidogo kidogo, kwa hiyo wakili akwambie kipi kimeshaanza siku unayonunua. Uliza ada ya huduma ya jengo kwa miaka mitatu iliyopita, na kama kuna matengenezo makubwa yanakuja. Kwa majengo marefu uliza karatasi za usalama wa kuta za nje. Tangu moto wa ghorofa la Grenfell Tower, London, wa 14 Juni 2017, benki nyingi hazikopeshi bila kuridhika na hilo.

Kwenye bei, kumbuka dalali ni wa muuzaji. Ni yeye anayemlipa. Bei ya tangazo ni ombi. Bei za nyumba zilizouzwa kweli mtaani humo zimo kwenye kumbukumbu za Land Registry, ofisi ya usajili wa ardhi, tangu 1995, ziko wazi kwa England na Wales, na ndizo za kubishania. Toa ofa kwa maandishi, ambatanisha barua ya benki ya makubaliano ya awali ya mkopo, taja wakili, na kama huna nyumba ya kuuza kwanza sema hivyo kwa herufi kubwa, maana muuzaji anaogopa mnyororo wa watu sita wanaosubiriana. Dalali analazimika kuifikisha ofa yako. Akikwambia itapokelewa vizuri ukitumia wakala wao wa mogeji, mjibu kwa adabu kwamba wako unaye.

Ofa ikikubaliwa usipigie watu simu nyumbani. England na Wales hakuna anayefungwa mpaka pande mbili zibadilishane mikataba iliyosainiwa, na hiyo ni wiki nyingi mbele. Nyumba yetu ya kwanza ilichukuliwa hivyo: tumeshamlipa mkaguzi, akaja mtu na pauni elfu tano zaidi, muuzaji akageuka, na sheria haikuwa na neno naye. Ulichonacho ni kuomba tangazo liondolewe siku ile ile, kujibu barua za wakili siku inapofika, na kama unaona hatari kukata bima inayorudisha gharama mauzo yakivunjika. Scotland wana utaratibu mwingine. Kule muuzaji ndiye anayeleta ripoti ya ukaguzi tangu Desemba 2008, na mawakili wakishamaliza kuandikiana, mkataba umekaza.

Siku ya kubadilishana mikataba unatoa dipoziti, kwa kawaida asilimia 10, na ukijitoa baada ya hapo inakwenda. Kuanzia siku hiyo pia, kwa mikataba mingi, nyumba ikiungua hasara ni yako ingawa funguo bado ziko kwa muuzaji, kwa hiyo bima ya jengo ianze siku hiyo. Na juu ya kutuma hizo pesa: matapeli huingia kwenye barua pepe za mawakili na kukuandikia kwamba akaunti imebadilika. Namba ya akaunti ichukue ofisini kwa wakili siku ya kwanza mnapokutana. Kabla ya kutuma, piga simu kwa namba uliyopewa siku hiyo ya kwanza, tuma pauni moja, subiri wathibitishe imefika, ndipo utume iliyobaki.