Ulimpa Mgeni Chumba, au Ulimkopesha?

Hivi karibuni nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa dada mmoja anayesoma makala zangu, na kwa ruhusa yake naujibu hapa, kwa kuwa naamini maumivu yake yanawagusa wengi. Yeye na mumewe waliwapokea nyumbani mtumishi mmoja na mkewe waliokuwa wamehamia kanisani mwao bila mahali pa kukaa. Wakawalisha, wakawalelea watoto, wakawavumilia hata pale ambapo uvumilivu ulikuwa mgumu. Baadaye dada huyu akafiwa na mama yake, na wale wageni wa zamani hawakufika msibani. Walituma rambirambi kwa simu, maneno mawili matatu, yakaishia hapo. Sasa shemasi amemwomba apokee mgeni mwingine, naye ananiuliza: "Mama, niufungue tena mlango, au nimekwisha kutoa sehemu yangu?"

Dada yangu, swali lako nimelisoma nikiwa nimeketi, maana lilinikuta mahali ninapopajua.

Nimeongoza kamati ya mapokezi kanisani kwetu kwa muda mrefu, na sitajifanya kwamba kazi hiyo siiwezi. Naiweza. Wageni wa semina, wanakwaya waliotoka mbali, wajane waliofuata matibabu, wanafunzi waliokosa makazi, wengi wamelala kwangu, na simkumbuki hata mmoja aliyeondoka akiwa na njaa. Sisemi haya ili nijisifu, ingawa najua wapo watakaoyasoma hivyo. Nayasema ili ujue kwamba anayekujibu ameshika ufagio na sinia kwa mikono yake. Wewe nawe, pamoja na wote wanaosoma hapa, mnatamani kama mimi kusikia siku ile yale maneno ya "Vema, mtumwa mwema na mwaminifu", kwa hiyo sitapoteza muda kuwaeleza kwa nini ukarimu ni jambo jema.

Miongoni mwa wageni hao alikuwapo mhubiri kijana na mkewe. Mimi na mume wangu tuliwaachia chumba chetu cha kulala, tukatandika magodoro sebuleni, na watoto wetu wakafundishwa kutopiga kelele asubuhi kwa kuwa mgeni alikuwa akiandaa mahubiri. Miezi ya katikati sitaisimulia, kwa maana ilikuwa ni kufua, kupika na kunyamaza. Walipopata nyumba tuliwasindikiza, tukawagawia na baadhi ya vyombo vyetu. Baadaye jina lake likakua, akawa mtu wa kualikwa huku na huko, na siku moja akaalikwa kuhubiri katika maadhimisho ya kanisa letu. Alisimama mimbarini akawashukuru watu waliompokea alipokuwa hana kitu, akawataja kwa majina mmoja baada ya mwingine: wazee wa kanisa, mfadhili aliyemlipia ada ya masomo, hata mpiga kinanda. Sisi hatukutajwa. Wakati huo nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa na aproni yangu, nikisubiri ibada iishe ili tuanze kupakua chakula. Alipofika kwenye foleni aliipokea sahani kutoka mkononi mwangu huku akizungumza na mtu aliyekuwa upande wake wa pili, akapita.

Usiku ule, masufuria yalipokwisha kusuguliwa, nilimweleza mume wangu yote yaliyokuwa moyoni, na kwa kweli nilitarajia anihurumie. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Aliniuliza tu, "Mama watoto, yule tulimpa chumba au tulimkopesha?" Nilimkasirikia kwa swali hilo, na hata leo naona angeweza kusubiri mpaka asubuhi kuliuliza. Jeraha lenyewe halijapona lote, wala sioni sababu ya kujifanya limepona. Lakini swali lile limenifaa kuliko semina nyingi nilizohudhuria, kwa sababu mkopeshaji hutunza daftari hata kama daftari lenyewe liko kichwani, na mgeni aliyeandikwa humo hawezi kuheshimiwa, maana kila ukimtazama unasoma kiasi anachodaiwa.

Ndiyo maana katika Luka 14 Bwana Yesu alimwambia mwenyeji aliyemwalika kwamba akiandaa karamu asiwaite rafiki zake, wala ndugu zake, wala jirani matajiri, wasije nao wakamwalika, akawa amekwisha kulipwa. Awaite maskini, vilema, viwete na vipofu, ambao hawana cha kumlipa, na malipo yake yatakuwa katika ufufuo wa wenye haki. Kabla ya hapo alikuwa ametazama jinsi waalikwa walivyochagua viti vya mbele, akawashauri waende kukaa mahali pa nyuma. Tunapenda kulisoma fundisho hilo kuhusu viti tukiwa wageni. Sisi wenyeji tuna meza kuu yetu ya siri, nayo ni ile shukrani ya hadharani, na tunaweza kuingoja kwa miaka huku tukiwa tumeinama tukiosha vyombo.

Hata hivyo, dada yangu, kusema kwamba humdai mgeni hakumaanishi kwamba huna ruhusa ya kumlilia, na hapa naomba tukae kidogo na yule mwanamke wa Shunemu katika 2 Wafalme 4, kwa sababu kisa chake kinafanana na chako kuliko changu. Alimwona nabii Elisha akipita njia ile mara kwa mara, akashauriana na mumewe, wakamjengea chumba kidogo juu, wakaweka humo kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Tazama heshima iliyomo katika orodha hiyo fupi. Mwanamke yule alikuwa amewaza mapema mtu wa Mungu atalala wapi, ataketi wapi, atapata wapi mwanga na faragha, bila kumngoja aombe. Na nabii alipotaka kumtendea jambo, akamwuliza kama angependa kuombewa neno kwa mfalme au kwa jemadari wa jeshi, alijibu kwamba anakaa miongoni mwa watu wake mwenyewe. Hakuwa na ankara ya kuwasilisha. Mtoto aliyepewa baadaye hakumwomba, aliahidiwa.

Kisha mtoto yule akafa magotini pa mama yake. Mwanamke akampandisha juu, akamlaza juu ya kitanda cha yule mgeni, akafunga mlango, akatandika punda, akaenda moja kwa moja mpaka mlima Karmeli, alikokuwa Elisha. Gehazi, mtumishi wa Elisha, alipotumwa kumlaki na kumwuliza habari, alimjibu kwamba hawajambo, akampita, kwa sababu maneno yake hayakuwa ya Gehazi. Alipomfikia Elisha akaishika miguu yake, na Gehazi alipotaka kumwondoa, nabii akamzuia, akasema kwamba nafsi ya mwanamke huyo ina uchungu na Bwana amemficha jambo hilo. Yaani mgeni aliyekuwa akilala katika nyumba ile, tena nabii, hakujua kwamba kuna msiba. Mwanamke akamweleza uso kwa uso, kwa maneno makali: je, alimwomba mwana? Elisha akamtuma Gehazi atangulie na fimbo yake, lakini mama yule akaapa kwamba hatamwacha nabii, mpaka nabii mwenyewe akaondoka akamfuata. Fimbo ilipowekwa juu ya uso wa mtoto haikufanya kitu. Mtoto alifufuka baada ya Elisha kuingia chumbani mwenyewe.

Ujumbe wa simu uliotumiwa ni fimbo ya Gehazi, na una haki ya kuona kwamba haukutosha. Lakini umekuwa ukiwajibu watu wote "hatujambo", kisha ukaniandikia mimi nisiyewajua watu wale. Nenda kwao. Mathayo 18:15 inasema ndugu akikukosa, umwendee wewe na yeye peke yenu, na amri hiyo haina sharti la kwanza kungoja hasira iishe. Waambie kwamba ulipofiwa uliwatazamia na hukuwaona. Usiwahesabie milo wala usiku waliolala kwako, kwa maana ukianza kuhesabu utakuwa umelifungua lile daftari. Waeleze tu msiba wako. Mimi nilimwendea mhubiri wangu. Aliniambia kwamba orodha ya majina aliandaliwa na wengine, akaomba radhi, na simu yake ikaita tukiwa bado tumesimama. Sikutosheka, lakini tangu siku ile naweza kumwombea bila kusaga meno, na hilo silo jambo dogo kwa mtu mwenye tabia kama yangu.

Kuna jambo lingine katika ujumbe wako ambalo nitalisema kama dada mkubwa. Umeniandikia aya nzima kuhusu watu wawili ambao hawakufika, na hukuniandikia hata mstari mmoja kuhusu waliofika. Nani aliketi nawe usiku? Nani alibeba maji, akapika, akaazima viti, akawasindikiza wazee nyumbani? Inawezekana kabisa kwamba wengi wao hawajawahi kula kwako. Paulo anapotuagiza katika Warumi 12:10 kuwatanguliza wenzetu kwa heshima, hao ndio wenzako wa kutangulizwa sasa, nao wanangoja neno la shukrani ambalo umekuwa ukilitafuta kwa mwingine. Watembelee. Na wakitaka kukuandalia chakula, kaa ule, usikimbilie jikoni kuwasaidia. Sisi tuliozoea kuhudumu tunakuwa kama Petro katika Yohana 13, aliyesema kwamba Bwana hatamtawadha miguu kamwe, tukidhani huo ni unyenyekevu, na Yesu hakukubaliana naye.

Sasa niseme na viongozi wa makanisa, kwa sababu siwezi kuandika juu ya jambo hili nikawaacha. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliandika kanuni kwa ajili ya watawa wake, na katika sura ya 53 aliagiza kwamba kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na kwamba abate, yaani mkuu wa watawa, ndiye awamiminie wageni maji mikononi na kuwaosha miguu pamoja na jumuiya yake. Akaongeza kwamba maskini na mahujaji watunzwe kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa matajiri hupata heshima kutokana na ile hofu tu tuliyo nayo mbele yao. Sijui kama mtu ameliona kanisa la leo kwa macho makali zaidi ya hayo. Mgeni rasmi akitarajiwa, tunapaka rangi ukuta. Mjane akija na mfuko wake mmoja, tunatafuta ni nani mwenye moyo wa huruma wa kubebeshwa. Sura hiyohiyo inaagiza pia kwamba ndugu wanaohudumu jiko la wageni wapewe wasaidizi wanapohitaji, ili wahudumu bila manung'uniko. Mtume Petro alisema, "Mkaribishane ninyi kwa ninyi, pasipo kunung'unika," nasi tukalichukua neno hilo kuwanyamazishia akina mama wa jikoni, wakati Benedikto alilichukua kuwaongezea mikono ya kusaidia. Mzee wa kanisa ambaye hajawahi kuosha sahani baada ya karamu hana budi kuanza. Waliopika waketi mezani chakula kikiwa bado cha moto, na wengine wawapakulie. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba viungo vya mwili tunavyovidhania kuwa havina heshima ndivyo tunavyovipa heshima zaidi, na sioni jinsi neno hilo linavyotimia mahali ambapo wahudumu hula makombo wakiwa wamesimama.

Wala msidhani kwamba ukarimu hauna mipaka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Wakristo wa mwanzo walisema karibu hivyohivyo. Didake, mafundisho ya kale sana ya kanisa, inaagiza kwamba msafiri anayepita asaidiwe kadiri iwezekanavyo, lakini asikae zaidi ya siku mbili au tatu; akitaka kuishi pale naye ana ufundi, afanye kazi ale. Waliokuwa wakiwapokea ndugu kutoka njiani kila mara walijua kwamba mwenyeji aliyechoka huanza kuhesabu. Mipaka inayosemwa siku ya kwanza inamheshimu mgeni kuliko uso uliokunjwa mwezi wa tatu. Ningelijua hilo mapema zaidi, magodoro yangekaa sebuleni kwa muda mfupi zaidi.

Kwa hiyo, dada yangu, kuhusu mgeni huyu mpya, zungumza kwanza na mumeo kama Mshunemu alivyofanya. Mwulizeni shemasi mgeni atakaa kwa muda gani, ni nani atakayechangia gharama, na ni nani atakayekupokea zamu siku utakapolemewa. Kama msiba bado unakuelemea, mwambie kwamba kwa sasa huwezi, naye atafute nyumba nyingine. Hiyo pia ni kweli inayompa mgeni heshima yake. Kama unaweza, mtengenezee mahali pa kulala, pa kuketi, na taa. Ila nenda kwanza kwa wale wa zamani kabla huyu hajaingia, na uniandikie utakapokuwa umewaona.