Asipande basi la Dar kabla ya mtihani wa Novemba

Mkuu, usiuze shamba la Pongwe. Usitume hiyo laki nane ambayo "wakala" wa mpira anaidai ya fomu ya majaribio. Umeuliza mdogo wako avae njumu gani na aache shule lini, na hilo la pili limenikosesha usingizi. Dogo ana miaka 17, yuko Kidato cha Nne hapo Makorora, Tanga, na huyo "wakala" anamtaka Julai aingie kambini Dar, kisha aende klabu ya Uturuki.

Uturuki haendi. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA kinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Ruhusa maalumu zipo chache, mfano wazazi wakihamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Huyo wakala anajua.

Sasa ona hiyo Julai inavyommaliza. Jina lake limeshasajiliwa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kama mtahiniwa wa shule. Utoro wa siku 90 mfululizo unatosha kumfukuzisha, na hata asipofukuzwa, Novemba wenzake wanaingia chumba cha mtihani yeye yuko kambini. Mwaka unaofuata anarudi kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ada anatoa mfukoni, na dirisha la ada ya kawaida hufungwa mwisho wa Februari, akichelewa analipa na faini. Zile alama za maendeleo ya shuleni, asilimia 30 nzima, hazimbebi tena. Karatasi ya siku ile ndiyo kila kitu. Kama anasoma sayansi, atafute mwenyewe maabara ya kujifunzia vitendo. Na kubwa kuliko yote, TAMISEMI, wizara inayowapangia wanafunzi shule, haimpangii Kidato cha Tano. Shule ya serikali isiyo na ada, ambayo kwa familia yenu ndiyo mlango wenyewe, inapotea kwa sababu mtu alishindwa kusubiri miezi minne!

Na nyie wengine mnaomjibu mkuu humu kwamba kipaji hakisubiri cheti, mnampoteza mtoto wa watu. Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu, alikwenda TP Mazembe ya Kongo 2011 akiwa na miaka 18, Genk ya Ubelgiji akaingia 2016 akiwa na 23. Ulaya haikumkimbia.

Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake linatafutwa bure kwenye orodha yao mtandaoni. Hamsogelei mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi. Anakula asilimia ya mkataba ukishapatikana. Anayedai hela ya fomu ya majaribio biashara yake ni fomu, klabu hana.

Majaribio ni likizo ya Juni na ya Desemba, basi. Klabu za Coastal Union na African Sports ziko hapohapo Tanga mjini. Mpeleke mwenyewe kwa kocha wa vijana, na cheti cha kuzaliwa mkononi. Wakimpenda, mazoezi yawe jioni baada ya vipindi, na klabu imwandikie mkuu wa shule barua kwa kila siku ya mechi. Wakileta mkataba, kwa umri wake usizidi miaka mitatu, mzazi asaini, na mwondoke na nakala siku hiyohiyo.

Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu wa taaluma, uangalie jina lake kwenye usajili wa NECTA linafanana herufi kwa herufi na la cheti cha kuzaliwa. Likitofautiana, siku akitaka pasipoti atakwama Uhamiaji.