Kabla ya kufungua ramani, keti na wenyeji

Wanafunzi wa jiografia wanaojiandaa kwenda uwandani huniuliza kuhusu GPS, sampuli na programu za kuchora ramani. Vyote vina kazi yake. Lakini ushauri wangu wa kwanza hauhusu kifaa: jifunze kuuliza mahali pana maana gani kwa anayeishi hapo.

Chukua Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 na kuacha maelfu bila makazi. Serikali ikawagawia waathirika viwanja Mabwepande, nje kabisa ya jiji upande wa kaskazini. Kwa ramani ya mafuriko, jibu lilikuwa wazi: huku hatari, kule salama. Hata hivyo wapo waliorudi Jangwani, mtaa ulio bondeni humo. Wengi husema ni ubishi tu. Mimi sikubali.

Nilipofanya utafiti mabondeni, mama mmoja alinionyesha mstari wa tope ukutani, usawa wa kifua, kisha kijiukuta cha tofali alichojenga mlangoni kuzuia maji. Dodoso langu lilitaka umbali wa kutoka nyumbani hadi kazini. Yeye akanieleza kwamba alfajiri huenda Kariakoo kwa miguu kuchukua bidhaa. Mtaji ukipungua, mwenye duka humkopesha, maana alimjua tangu enzi za marehemu mama yake. Akichelewa kurudi, jirani huwapa watoto chakula. Mvua kubwa ikinyesha usiku, jirani huyo huyo ndiye anayegonga dirisha. Mpeleke mwinukoni bila watu hao, utakuwa umemwepusha na maji na kumwachia hatari nyingine ambayo ramani yako haina rangi yake.

Wanajiografia walishaligombania jambo hili. Miaka ya 1970, baada ya takwimu na kanuni za kihisabati kuitawala taaluma, Yi-Fu Tuan, mzaliwa wa Tianjin, China, aliyefundisha Marekani, alisisitiza kwamba eneo huwa mahali pale watu wanapolizoea na kulipa maana. Anne Buttimer wa Ireland naye alitaka tuchunguze maisha ya kila siku kama wanaoyaishi wanavyoyaona.

Kwa hiyo usianze na "Kwa nini hamhami?" Watu ambao nyumba zao ziliwekwa alama ya X kabla ya bomoabomoa watakusikia kama ofisa aliyekuja kuwaondoa. Salimia, keti, omba wakusimulie siku yao tangu alfajiri. Ukiruhusiwa, fuatana nao hadi sokoni. Andika maneno yao yalivyotoka kabla hujayapachika kwenye jedwali, kisha linganisha na takwimu zako. Zinapopishana, hapo ndipo pa kuchimba. Na msimamizi akitaka masimulizi hayo yasukumwe kwenye viambatisho, mwombe kwa heshima yabaki kwenye sura ya matokeo.