Usije Beirut kwa maneno ya ajenti

Mdogo wangu, ajenti wa kazi za nyumbani anakwambia Lebanon imetulia: vita na Israeli vilisimama Novemba 2024, na Januari 2025 nchi ikapata rais. Unaniuliza uje au usije. Kwa njia ya huyo ajenti, usije. Naeleza hapa ili na wenzako wasome.

Mabomu yanatisha, na baada ya huko kusimama kwa vita ndege za Israeli zimeendelea kupiga kusini. Ila mshahara wangu wa kazi za ndani uliliwa na benki. Nilipofika, dola moja ilikuwa lira 1,500 na kidogo, bei iliyoshikiliwa tangu 1997. Benki ziliwapa watu riba nono ili walete dola zao, kisha zikaikopesha serikali isiyo na uwezo wa kulipa. Mwishoni mwa 2019 zikawafungia wateja akaunti. Madam wangu, mwalimu mstaafu, alikuwa akipanga foleni tangu asubuhi na kurudi mikono mitupu, na pesa ni zake! Akaanza kunilipa kwa lira. Machi 2021 nilipeleka dukani kwa wabadilisha pesa bahasha ya lira laki tatu, ambazo zamani zilikuwa dola 200. Nikapewa noti moja ya dola ishirini, na karo ya mwanangu inasubiriwa Kilifi. Kufikia 2023 dola ilikuwa karibu lira 90,000.

Wa kuwajibishwa hayupo. Tangu 1943 vyeo vinagawanywa kwa dini: rais Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msuni, spika Mshia. Vita vya 1975 hadi 1990 vilipoisha, wakuu wa wanamgambo walipewa msamaha wakaingia serikalini. Nabih Berri, kiongozi wa Amal, kundi la Washia, tangu enzi za vita, ni spika tangu 1992. Kila kundi linamkinga mtu wake. Tani 2,750 za ammonium nitrate, kemikali ya mbolea inayoweza kulipuka, zilikaa bandarini miaka, zikalipuka tarehe 4 Agosti 2020, wakafa watu zaidi ya 200. Jaji aliyepewa uchunguzi aliwekewa pingamizi juu ya pingamizi. Kisha nchi ikakaa bila rais zaidi ya miaka miwili.

Sasa sisi makadama, wafanyakazi wa ndani, tuko wapi humo? Sheria ya kazi ya 1946 haituhesabu. Kibali chako kiko kwa kafili, yaani mwajiri anayekudhamini. Ukimkimbia, huna karatasi. Pesa zilipokauka mwaka 2020, kuna waajiri waliowashusha wasichana wa Kihabeshi na mabegi yao mbele ya ubalozi wao mdogo, wakalala barabarani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mimi nipo kwa sababu madam ana mwanawe Kanada anayemtumia dola, naye ananilipa dola mkononi. Mwambie ajenti aandike kwenye mkataba kwamba utalipwa dola taslimu kila mwezi na pasipoti utaishika mwenyewe. Akianza kuzungukazunguka, baki nyumbani Kisauni, tutafute njia nyingine.