Muulize Mbeba Bunduki: ".270 ya baba mkwe itamfaa Selous?"

Barua za mwezi huu karibu zote ni za kaliba, yaani upana wa risasi na mtutu wake. Msimu unafunguliwa Julai, watu wanafungasha, na wanaojua kidogo wanawatia hofu wasiojua kabisa. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni Mngindo wa Liwale. Nilianza kubeba bunduki za wawindaji mwaka 1978, serikali ilipoufungua tena uwindaji uliofungwa tangu 1973. Nilibeba, nikafuata nyayo, nikachuna, mpaka magoti yalipogoma. Bunduki yangu mwenyewe sijawahi kuwa nayo. Ila nimesimama hatua moja nyuma ya watu wengi walipokuwa wanafyatua, na mlio ukishapita, mimi ndiye niliyekuwa natumwa kwenda kuangalia chini.

*Shikamoo babu. Naishi Houston, Texas, nimeoa hukuhuku. Baba mkwe wangu, Mmarekani wa miaka 61, amelipia safari ya siku 10 Selous mwezi wa Agosti, nami nafuatana naye kutafsiri na kupiga picha. Orodha yake: swala pala, ngiri, kongoni, nyumbu, punda milia na, Mungu akijalia, pofu. Bunduki yake ni .270 aliyoirithi kwa baba yake, ameua nayo kulungu wa Texas miaka 30. Dukani wamemwambia hiyo ni ya kuchezea, anunue .300 Magnum, ile yenye baruti nyingi, au .375 kabisa. Nimshauri nini bila kuharibu ukwe? Mkwe, Houston.*

Marahaba mjukuu wangu. Mwenye duka anauza bunduki, usimlaumu. Baba mkwe aje na .270 yake. Mtu aliyekaa na bunduki moja miaka 30 anaijua kama anavyojua mlango wa chumbani kwake gizani, na hilo haliuzwi dukani. Ila risasi za kulungu aziache hukohuko.

Namba hizi zinawachanganya watu. Ni upana tu, kwa sehemu za inchi: .270 ni kama milimita 7, .300 inakaribia 8, .375 ni 9.5. Hazikuambii kichwa cha risasi kimetengenezwaje, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kulungu wa Texas ni mnyama wa kilo 60 hivi, ngozi laini, mfupa mwembamba. Risasi yake hutengenezwa ichanue upesi, mara tu inapogusa. Sasa nyumbu dume anapita kilo 200, punda milia anapita 250, na bega la punda milia si bega la kulungu.

Mwaka mmoja, upande wa Mto Mbarang'andu, alikuja mgeni na .300 Magnum mpya, risasi nyepesi za greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) zinazokwenda mbio kweli. Punda dume kasimama ubavu, hatua 60. Mlio, halafu nikasikia "ko!" Nyama husema "pu!", mfupa husema "ko!", nikajua bega limepigwa. Punda akaruka, akaenda. Pale alipokuwa amesimama nikakuta nywele fupi, nyeupe kwa nyeusi, na vipande viwili vya shaba vyembamba kama maganda ya kitunguu. Damu matone manne, kisha hakuna. Tulimfuata toka saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, mbung'o wakitumaliza shingoni, kazi yangu yote ikiwa kutafuta mstari ambao mguu mmoja ulikuwa unauburura mchangani. Tulipommaliza nikamchuna. Begani shimo la kuingiza ngumi. Ndani ya mbavu, mapafu mazima kama ya mnyama wa buchani. Risasi ilipasuka juu ya mfupa kama yai. Na bunduki ile ilikuwa kubwa kuliko ya baba mkwe wako.

Kwa hiyo anunue risasi, si bunduki. Kwa .270 yake atafute greni 150 badala ya 130, tena zile ambazo madini ya risasi ya ndani yameungwa kabisa na ganda la shaba la nje, au za shaba tupu. Hizo huchanua taratibu na hazimwagi uzito wake njiani. Afanyie mazoezi zizo hizo atakazokuja nazo, maana bunduki ikibadilishiwa risasi hubadilisha na mahali pa kupiga. Ndege zinaruhusu kilo 5 za risasi kwa mtu mmoja. Akileta 60 zitabaki, na mzani hautamsumbua.

Pofu ni habari nyingine. Dume mzee anaweza kufika kilo 900, na anatembea kama mtu aliyechelewa basi: hakimbii, lakini humpati. Nimeona .270 ikiua pofu. Nimeona pia pofu aliyepigwa vizuri kwa bunduki ndogo akatutembeza mpaka giza likaingia, asubuhi fisi wakawa wametutangulia. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa ameuawa, kwa hiyo mzee atalipa na atarudi bila pembe. Kambi nyingi zina .375 ya kukodisha. Muulizie mapema, aikodi kwa ajili ya pofu, apige nayo karatasini risasi tano kabla.

Tena .375 itamwokoa kwa jambo asilolijua bado. Akifika Selous ataona nyati, na nimewaona watu wazima wakibadilika sura kwa kuona nyati. Jioni ileile anauliza bei. Sheria yetu haimruhusu kumpiga nyati kwa kaliba iliyo chini ya .375. Hiyo ya Holland & Holland, watengeneza bunduki wa London, ilitoka mwaka 1912, na mpaka leo sijaona ya kuishinda kwa mtu anayetaka bunduki moja ya kila kitu. Greni 300, mwendo wa meta 770 hivi kwa sekunde. Swala pala inamtoboa ikapita bila kusaga nyama, na nyati inamfikia ndani.

Na kama fedha zinamwasha lazima anunue? Basi .30-06, greni 180. Ilitengenezewa jeshi la Marekani mwaka 1906. Roosevelt, rais wao wa zamani, alishuka Mombasa mwaka 1909 akiwa na Springfield ya jeshi kati ya bunduki zake, kwa hiyo baba mkwe hatakuwa Mmarekani wa kwanza. Inarusha greni hizo kwa meta 820 kwa sekunde. .300 Magnum inazirusha kwa 900. Hizo meta 80 za ziada ni za mtu anayepiga mbali, na Selous hatupigi mbali. Miombo inakupa hatua 80, inakupa 120. Ukipewa 200 umepewa uwanja wa ndege. Anayekwenda Umasaini, kwenye nyika wazi, hapo naweza kumsikiliza akiisifu Magnum yake.

La mwisho mwambie ndani ya ndege, umrudie tena kambini. Kwao wamezoea kulenga nyuma ya bega. Wanyama wetu moyo umekaa mbele zaidi na chini zaidi. Afuate mguu wa mbele, apande nao mpaka theluthi ya mwili, apige hapo. Punda milia amewekewa alama na Mungu mwenyewe: begani mistari hukutana ikafanya pembe tatu. Akilenga nyuma ya bega kwa mazoea atapiga tumbo, na mimi nitajua kwa kuangalia majani. Damu ya mapafu ni nyekundu ya kung'aa, ina povu. Ya ini ni nyeusi. Ukikuta maji ya kijani yenye nyasi zilizotafunwa, kaa chini kwanza, unywe maji, maana siku ni ndefu.

*Shikamoo baba. Nasoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, nataka siku moja niwe mwindaji bingwa, yule anayewaongoza wageni wanaowinda. Nina kilo 52. Wavulana darasani wanasema mwanamke hawezi .375, na asiyeweza .375 atafute kazi ya hoteli. Nianze na kaliba gani? Binti wa Mweka.*

Marahaba binti yangu. Hao wavulana nimewabebea bunduki baba zao. Mbeba bunduki hakai mbele kuangalia mnyama, anaangalia mpigaji, na nitakwambia ninachokiona: macho yanafumbwa kabla ya mlio, mtutu unachovya chini kidogo, bega linarudi nyuma kulikimbia teke ambalo bado halijaja. Mwili wa kilo 110 unafanya hivyo sawa na wa 52.

Kuna mchezo tuliokuwa tunawachezea wageni kambini, siku ya kupima bunduki. Naichukua bunduki kama ninayeijaza, naweka ganda tupu lililokwishapigwa, nampa. Analenga, anavuta triga, "tik", na mtutu unaruka kama umeguswa na umeme. Anacheka kwa aibu. Jichezee huo mchezo mwenyewe, mwenzako akujazie bila kukwambia. Siku mtutu utakapotulia kwenye "tik", umehitimu kaliba hiyo, panda nyingine.

Anza na .308 au 7x57. Hii ya pili ni ya 1892 na haijazeeka. Alikuja bibi mmoja Mjerumani, mwembamba kukuzidi wewe, na 7x57 ya marehemu mumewe, kitako kimepunguzwa kumfaa mkono. Siku tisa, wanyama sita, risasi saba. Hiyo ya saba ilikuwa ya kummalizia kongoni aliyekwisha lala. Mwindaji bingwa wetu alikuwa na bunduki ya mdomo mkubwa na hakuitoa begani safari nzima.

Wavulana watakutajia Karamojo Bell, mwindaji wa tembo wa zamani, aliyewaua kwa bunduki ya kaliba kama hiyo 7x57. Ni kweli aliua, wengi mno. Alikuwa anatumia risasi ngumu zisizochanua, na ubongo wa tembo alikuwa anajua ulipo toka kila upande. Usiwafuate huko. Kazi unayoitaka itakudai .375 au .458 siku ya nyati, hilo halikwepeki, lakini ifikie kwa ngazi. Na kitako kipimwe mkononi mwako. Bunduki ndefu kuliko mkono inapiga teke mara mbili.

*Shikamoo mzee. Mimi ni mfuata nyayo, msimu wangu wa tatu. Wageni wengi siku hizi bunduki zao zina kitu cha matundu mdomoni, wanasema kinapunguza teke. Wakipiga, masikio yangu yanalia mpaka usiku. Je, ni kaliba kubwa sana au masikio yangu mabovu? Kijana wa Tunduru.*

Marahaba mwanangu. Masikio yako mazima, ndiyo maana yanalia. Yakinyamaza ndipo uogope. Kile kidude kinarudisha moshi na kishindo pembeni na nyuma. Mwenye bunduki amevaa vizibo vyake, bega lake limestarehe, nawe uliyesimama ubavuni umelipokea lile teke kwa masikio. Na si lazima kaliba iwe kubwa. .300 yenye matundu imewahi kuniumiza kuliko .458 isiyo nayo.

Vingi kati ya hivyo hufunguliwa kwa kuzungusha, kama kifuniko cha chupa. Siku ya kupima bunduki kambini, kabla hamjapanda gari, mwambie mwindaji bingwa mbele ya mgeni: kitolewe, bunduki ipimwe upya bila hicho, maana kikitoka risasi hubadili inapopiga. Akisita, mwambie mfuata nyayo asiyesikia hawezi kusikia tawi likivunjika kichakani alikojificha nyati. Atakuelewa haraka. Kikishindikana kutoka, kaa nyuma ya mpigaji kabisa, usikae ubavuni, na uzibe masikio kwa vidole hata kama unaonekana mshamba. Mimi sikio la kushoto halimsikii njiwa tena. Mke wangu ameshajua akae kulia.

*Habari za huko mzee. Niko Voi, Kenya. Marehemu babu alikuwa dereva wa wawindaji kabla ya marufuku. Tumefungua sanduku lake tumekuta risasi 14 za .375, zina kutu ya kijani. Bunduki hakuna. Naweza kuzileta Tanzania nikamuuzia mtu wa safari? Mjukuu wa dereva.*

Salama, mwanangu, na pole kwa babu. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo risasi hizo zina miaka zaidi ya 45 gizani na hakuna mwindaji mwenye akili atakayezitia kwenye bunduki yake. Hiyo kijani ni shaba inayooza. Usizikwangue, usizigonge, usizipandishe basi hata kwenda Taveta: ukikutwa nazo bila kibali, maelezo ya babu hayatakusaidia. Nenda kituo cha polisi mikono mitupu, waeleze, waje wazichukue wenyewe. Sanduku lenyewe, kama ni lile la bati lenye jina lake limepakwa rangi juu, waombe wakuachie.